Theresienstadt: kuimba kwa kibali, kuchora kwa siri

Tarehe 17 Julai 1944 wachoraji wanne waliokuwa wafungwa katika geto la Theresienstadt, mji ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi, kilomita 60 hivi kaskazini mwa Prague, waliitwa kuhojiwa na maofisa wa SS, kikosi cha Kinazi kilicholiendesha. Majina yao ni Bedřich Fritta, Leo Haas, Otto Ungar na Ferdinand Bloch. Mchana walikuwa wakifanya kazi katika ofisi ya michoro ya geto, wakitengeneza ramani na chati za kuwafurahisha wakubwa. Usiku walichora waliyoyaona kwa macho yao: wazee wamejilaza chini kwenye dari za majengo, foleni za supu, mikokoteni ya kubebea maiti ikisukumwa na watu huku imesheheni mikate. Baadhi ya kazi hizo zilikuwa zimeshapenyezwa nje ya geto. Wakatuhumiwa kueneza habari za kutisha dhidi ya Ujerumani, wakapelekwa Ngome Ndogo, gereza la Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, lililokuwa ng'ambo ya mto, na familia zao pia zikachukuliwa. Bloch aliuawa humo. Ungar aliharibiwa mkono wake wa kulia, ule wa kuchorea. Fritta alifia Auschwitz kabla mwaka haujaisha.

Majuma machache tu kabla ya hapo, katika geto hilohilo, watoto Wayahudi walikuwa wameimba opera mbele ya wageni wa Msalaba Mwekundu, na mkuu wa kambi akitabasamu.

Yaweke matukio haya mawili pamoja, na ile simulizi tuliyoizoea inapata taabu kusimama. Tumezoea kusema kwamba dhalimu huogopa wimbo, kwamba kila noti iliyopigwa kambini ilikuwa risasi, kwamba sanaa ilishinda. Husemwa katika hotuba, huandikwa kwenye mabango ya makumbusho, na nakiri inapendeza masikioni. Lakini opera ilipewa kibali, jukwaa na mazulia. Kilichofanya mkono upondwe ni kile kipande cha karatasi kilichosema ukweli kuhusu mkate na maiti. Kwa maoni yangu Wanazi hawakuwa na hofu kubwa na sanaa ya Wayahudi kwa sababu ni sanaa. Walihofia shahidi. Tukilisahau hilo tutawasifu wasanii wale kwa jambo ambalo hawakulifanya, na kuyapita yale waliyoyafanya kweli.

Kibali hicho hakikuanzia kambini. Kilianzia Berlin mwaka 1933. Hitler aliingia madarakani Januari, na Aprili 7 ikatoka sheria ya utumishi wa umma iliyowafagia Wayahudi katika ofisi, vyuo, na pia katika majumba ya opera na tamthilia, kwa kuwa mengi yalikuwa mali ya miji na majimbo. Wapiga fidla, waimbaji, waigizaji na mafundi taa wakajikuta hawana kazi. Kurt Baumann, kijana mwelekezi wa tamthilia, akapata wazo: Wayahudi wa Berlin peke yao ni wengi kiasi cha kuweza kuendesha jumba lao wenyewe. Kurt Singer, daktari wa mishipa ya fahamu ambaye pia alikuwa kondakta na aliwahi kuwa kiongozi katika opera ya jiji, akalibeba wazo hilo hadi serikalini. Hans Hinkel, ofisa wa Kinazi aliyeshika mambo ya utamaduni, akalikubali.

Kwa nini akubali? Kwa sababu lilimfaa. Maelfu ya watu waliofukuzwa kazi wangepata pa kujishikiza bila kuleta rabsha. Magazeti ya nje yakiuliza, jibu lingekuwapo: tazameni, Wayahudi wetu wana okestra yao. Na tena wangekuwa wamejikusanya wenyewe mahali pamoja, nje ya macho ya Wajerumani wengine. Masharti yalikuwa wazi. Wasanii wawe Wayahudi watupu, watazamaji wawe Wayahudi watupu wenye kadi za uanachama, na kila programu ipite mezani kwa Hinkel kwanza. Chama hicho kiliitwa Kulturbund Deutscher Juden, yaani Chama cha Utamaduni cha Wayahudi wa Kijerumani. Mwaka 1935 kiliamriwa kuliondoa neno la Kijerumani katika jina lake.

Onyesho la kwanza, Oktoba 1, 1933, lilikuwa Nathan der Weise, tamthilia ya Lessing ya karne ya 18. Msomaji wa Kiswahili hatapotea humo: ni Jerusalem ya Sultani Salahuddin, na Myahudi Nathan anaulizwa na Sultani dini ipi ni ya kweli. Anajibu kwa kisa cha baba mwenye pete moja na wana watatu, akatengeneza mbili nyingine zinazofanana nayo, hata mwenyewe asiweze kuzitofautisha. Fikiria ukumbi ule. Waigizaji waliofutwa kazi kwa sababu ya damu yao wanawaigizia watazamaji waliofutwa kazi kwa sababu hiyohiyo, kwa Kijerumani safi kuliko cha mawaziri wa Hitler, kazi ya Mjerumani Mkristo inayosema Mungu hana mtoto wa kambo. Nadhani hapa upinzani ulikuwapo, ila haukuwa wa kumtisha mtu. Hinkel aliusoma mswada akaugonga muhuri.

Baada ya hapo mkasi ukaanza kazi. Schiller akakatwa. Goethe akafuata. Mwaka 1937 Beethoven akapigwa marufuku kwa wanamuziki Wayahudi, na Austria ilipomezwa mwaka 1938, Mozart naye akawa Mjerumani wa kuwafungia mlango. Walitakiwa wapige vitu vya "Kiyahudi", nao wenyewe hawakukubaliana ni vipi hivyo. Septemba 1936 waliitisha mkutano Berlin wakabishana. Je, Mendelssohn aliyebatizwa utotoni ni Myahudi kimuziki? Je, inatosha mtunzi kuwa na mama Myahudi, au lazima wimbo wenyewe unukie sinagogi? Mjadala huo ulikuwa wa kweli, wenye hoja nzito, na papo hapo ulikuwa mjadala ambao ajenda yake imeandikwa na adui. Wayahudi wa Ujerumani ambao kwa vizazi walikuwa wakimsikiliza Brahms bila kumwomba mtu ruhusa sasa waliambiwa wajitafutie asili yao.

Kisha ikaja Novemba 1938, usiku wa kuvunja vioo, masinagogi zaidi ya elfu moja yakichomwa na wanaume kama 30,000 wakipelekwa kambini. Na Hinkel aliamuru nini? Jumba la Kulturbund lifunguliwe. Ndani ya wiki mbili pazia lilikuwa juu tena. Kwangu mimi amri hiyo inaeleza mengi kuliko vitabu vizima kuhusu sera ya utamaduni ya Wanazi: watu wanatolewa kwenye magofu kwenda kuigiza, kwa sababu jukwaa lililofungwa lingeonekana vibaya. Singer wakati huo alikuwa Marekani. Angeweza kubaki. Alirudi Ulaya, akaishia Uholanzi, akakamatwa huko na kufia Theresienstadt Februari 1944. Kulturbund yenyewe ilifungwa Septemba 11, 1941, na mwezi uliofuata treni za kwanza zikaondoka Berlin kuelekea mashariki.

Wapo walionusurika na wanahistoria waliosema kwamba chama hiki kiliwalewesha watu, kwamba bila okestra ile wengi wangefunga mizigo mapema. Hoja hiyo ina ukweli wake ila naiona inamtwika mzigo mtu asiyestahili. Waliobaki walibaki kwa mengi: viza zilikuwa adimu, mali ilizuiwa, wazee hawakutaka kuhama, nchi zilizokutana Évian, Ufaransa, Julai 1938 kujadili wakimbizi karibu zote zilifunga milango. Tamasha la Alhamisi halikuwa sababu kuu. Lakini siwezi kusema halikuchangia kitu, maana maisha yanayofanana na maisha humfanya mtu angoje kidogo zaidi.

Swali hilo hatukulibuni sisi wa baadaye. Wenyewe walilipigia kelele wakiwa ndani. Geto la Vilna (Vilnius ya leo, Lithuania), Januari 1942: makumi ya maelfu ya Wayahudi wa mji huo walikuwa wameshapigwa risasi katika msitu wa Ponary, na viongozi wa geto wakatangaza tamasha. Kukapachikwa vikaratasi vya Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, vyenye sentensi moja: makaburini hakuchezwi tamthilia. Herman Kruk, mkuu wa maktaba ya geto, alikuwa upande wa waliokasirika, na shajara yake inaonyesha hasira hiyo bila kificho. Tamasha likafanyika. Watu wakaenda, wakalia, wakaenda tena. Kadiri miezi ilivyopita Kruk alilainika, akawa anaandika habari za jukwaa kama mtu aliyeelewa kwa nini ukumbi unajaa. Naye mwenyewe Desemba 1942 alifanya sherehe, maktaba yake ilipoazimisha kitabu cha 100,000. Aliuawa katika kambi ya Lagedi, Estonia, Septemba 1944, siku moja baada ya kuzika maandishi yake ardhini.

Sasa turudi Theresienstadt, kwa sababu huko ndiko sanaa na hila zilikaa kitanda kimoja. Waswahili husema lila na fila hazitangamani. Huko zilitangamana kila jioni.

Mwanzoni, mwishoni mwa 1941, vyombo vya muziki vilikuwa marufuku. Viliingizwa kwa magendo, na watu waliimba darini na kwenye vyumba vya chini. Baadaye SS wakagundua kwamba wanaoimba hawasumbui, wakaruhusu, na ikaundwa idara nzima ya kupanga burudani. Ikawa na ratiba, tiketi na ofisi. Wanamuziki waliosajiliwa waliondolewa kazi ngumu, na baadhi walichelewa kuwekwa kwenye orodha za treni. Hili halipendwi kutajwa kwenye kumbukumbu, lakini ni haki kulitaja: kupata nafasi kwenye okestra kulimaanisha pia nafasi ya kuishi miezi zaidi, na kwa maana hiyo jina la mwingine kuandikwa mahali pako. Zaidi ya watu 140,000 walipitishwa hapo. Kama 33,000 walifia humohumo kwa njaa na maradhi, na kama 88,000 walipelekwa mashariki kuuawa.

Rafael Schächter, kondakta kijana, aliamua kuimbisha Misa ya Wafu ya Verdi. Alikuwa na nakala moja ya nota na piano mbovu badala ya okestra. Waimbaji kama 150 walijifunza sauti zote kwa kichwa, kwa Kilatini, jioni baada ya kazi. Yeyote aliyewahi kuimba kwaya ya kanisa huku kwetu, wanne wakichungulia karatasi moja, ajue hawa hawakuwa hata na hiyo karatasi moja kwa wanne. Kwaya ilipoiva treni zikachukua wengi. Akakusanya wengine, akaanza upya. Zikachukua tena. Akaanza tena. Wazee wa geto walimlaumu: Wayahudi wanakufa, wewe unawafundisha misa ya Kikatoliki? Walionusurika wanasimulia kwamba jibu lake lilikuwa kwenye maneno yenyewe ya misa: siku ya ghadhabu, hakimu atakapoketi, hakuna kitakachobaki bila kulipizwa. Yale wasiyoweza kuwaambia Wanazi, wataimba.

Sina sababu ya kulitilia shaka hilo upande wa waimbaji. Upande wa wasikilizaji waliovaa sare, nina shaka kubwa. Hakuna dalili kwamba kuna ofisa aliyekosa usingizi kwa sababu ya Kilatini cha Verdi.

Hila yenyewe ilifika kilele Juni 23, 1944. Serikali ya Denmark ilikuwa ikiwaulizia Wayahudi wake mia nne na ushei waliopelekwa huko mwaka uliotangulia, na Wajerumani wakakubali wajumbe waje kutazama. Geto likapambwa kwa miezi: waridi, madirisha ya maduka, kibanda cha muziki uwanjani, chumba cha watoto chenye vitanda vidogo. Ili pasionekane msongamano, mwezi Mei watu kama 7,500 walipakiwa kwenye treni kwenda Auschwitz. Watoto wanakumbukwa walivyofundishwa kumwuliza mkuu wa kambi mbele ya wageni, "Sadini tena, mjomba Rahm?" Wajumbe watatu wakatembezwa kwa njia iliyopangwa hatua kwa hatua, wakapigwa changa la macho, na Maurice Rossel wa Msalaba Mwekundu wa kimataifa akaandika ripoti iliyosema takriban kila kitu ambacho SS walitaka kisemwe.

Siku ile watoto waliimba Brundibár. Mtunzi wake Hans Krása aliiandika Prague mwaka 1938: ndugu wawili, mama mgonjwa, hawana pesa ya maziwa, wanaimba sokoni wapate sarafu, na mpiga kinanda mmoja mwenye masharubu anawafukuza. Shomoro, paka, mbwa na watoto wa mtaani wanaungana wanamshinda. Ilichezwa Theresienstadt mara 55 kuanzia Septemba 1943, na kila treni ilipoondoka na waigizaji, wengine walijaza nafasi. Kwa watoto wale, kila mtu alijua mwenye masharubu ni nani. Wageni walisikia wimbo mzuri wa watoto wenye afya. Sauti ni ileile moja, nayo ilifanya kazi mbili zinazopingana, na sidhani kuna njia ya kuzitenganisha tukabaki na ile tunayoipenda.

Ndiyo maana katika watu wote wa mahali pale mwenye mvuto zaidi kwangu ni Viktor Ullmann. Alikuwa mtunzi, mwanafunzi wa Schönberg, na humo getoni alifanya jambo ambalo ukilisikia mara ya kwanza linachekesha: aliandika uhakiki wa matamasha. Umesalia uhakiki wake 26. Fikiria mtu ana njaa, jirani yake huenda asiwepo wiki ijayo, na bado anakaa kupima kama mwimbaji alilielewa shairi na kama mpigaji aliuheshimu mwendo wa wimbo. Hakuwapa alama za huruma. Aliwapima kama angewapima Prague au Vienna, na nadhani hiyo ndiyo heshima kubwa waliyopewa na mtu yeyote mwaka ule. Katika insha yake fupi aliandika kwamba hawakukaa tu kulia kando ya mito ya Babeli, na kwamba hamu yao ya sanaa ililingana na hamu yao ya kuishi. Aliyesoma Zaburi ya 137 anajua anamjibu nani. Wale wa Babeli walitundika vinubi vyao kwenye miti kwa sababu waliowateka waliwataka waimbe. Ullmann alijua fika kwamba waliowateka wao nao walitaka waimbe, na akaimba hata hivyo.

Yeye na mshairi mchoraji Petr Kien, kijana wa miaka ya ishirini na kidogo, walitunga opera ya Der Kaiser von Atlantis, yaani Mfalme wa Atlantis. Mfalme anatangaza vita vya wote dhidi ya wote. Mauti, askari mzee mstaafu, anaona amevunjiwa heshima na uuaji wa mashine, anagoma. Watu wananyongwa hawafi, wanapigwa risasi hawafi, na ufalme unavurugika, kwa maana utawala wa vitisho bila kifo hauna mtaji. Mauti anakubali kurudi kazini kwa sharti moja: mfalme awe wa kwanza. Walifanya mazoezi mwaka 1944, haikuchezwa. Ilisubiri hadi 1975 kuonyeshwa kwa mara ya kwanza, Amsterdam. Hapa naona kazi iliyovuka mpaka wa kibali, ikasogea karibu na michoro ya Fritta: inasema jinsi mahali pale palivyoendeshwa.

Wale waliochagua ushahidi tangu mwanzo walifanya kwa namna nyingine. Katika geto la Warsaw, mwanahistoria Emanuel Ringelblum na wenzake walikusanya mashairi, insha za shule, mabango ya matamasha, karatasi za pipi na taarifa za mauaji, wakazifukia kwenye masanduku ya bati mwaka 1942 na kwenye makopo ya maziwa mwaka 1943. Humo imo pia michoro ya Gela Seksztajn, iliyochanganywa na takwimu za njaa bila kubaguliwa. Hawakuomba ruhusa, hivyo hawakumfaa adui kwa lolote. Mafungu mawili yalifukuliwa, 1946 na 1950. Leo Haas, yule mchoraji, naye alinusurika, akarudi Theresienstadt akatoa michoro ukutani na ya Fritta ardhini, akamlea mtoto wa rafiki yake.

Ullmann, Krása, Schächter na mtunzi Pavel Haas (si yule mchoraji) waliondoka kwa treni moja, Oktoba 16, 1944. Haikusaidia kitu kwamba mwezi mmoja hivi kabla kazi za Krása na Pavel Haas zilikuwa zimerekodiwa. SS walikuwa wameamuru ipigwe filamu kuhusu geto, na wakamkabidhi kazi Kurt Gerron, mwigizaji maarufu wa Berlin, mfungwa kama wengine. Wengi wamemhukumu Gerron. Mimi ningependa mwenye kuhukumu aeleze kwanza ni nani katika jengo lile alikuwa na hiari. Treni ya mwisho ya Oktoba ilimpeleka Auschwitz naye.

Vipande vya filamu hiyo vilivyosalia, dakika 20 hivi, ndivyo vinavyorushwa leo katika vipindi vya televisheni na kusambazwa mitandaoni: okestra ikipiga kazi ya Pavel Haas chini ya kondakta Karel Ančerl, mtunzi akisimama kuinama, watoto wakiimba mwisho wa Brundibár kwa nguvu zao zote. Mara nyingi havina maelezo yoyote, au vina maelezo ya kutia moyo kuhusu nguvu ya muziki. Havifai kurushwa hivyo. Anayevitumia aandike chini yake, kwa herufi za kusomeka, kwamba vilipigwa kwa amri ya SS mwezi Agosti na Septemba 1944, na kwamba treni ya kwanza kati ya kumi na moja zilizofuata iliondoka Septemba 28.